Tambara kwenye Bomba la Turbo

Fundi alipenyeza vidole kwenye bomba la hewa la turbo ndogo, feni ya kusukumia injini hewa, ile inayotakiwa kuamka mapema ili lori lipate nguvu bila kusubiri turbo kubwa. Akagusa kitambaa.

Akakivuta. Kilikuwa kipande cha ovaroli yake kuukuu, bado kina kifungo. Aliziba nacho bomba mwezi uliopita, vumbi lisiingie, akasahau kukitoa.

Mwezi mzima lori lilichelewa kuitika mlimani. Mwezi mzima alimwapia tajiri, mwenye lori, kwamba gari ni zima, dereva ndiye mzembe wa gea. Jana dereva, mume wa dada yake, alinyang'anywa funguo.

"Umeona nini, shemeji?" dereva aliuliza kwa sauti ya kuchoka, bila kuinuka kwenye tairi alilokalia.

Fundi aliketi kando yake, kitambaa mkononi.

"Mpigie tajiri," alisema. "Weka spika, nitaongea mimi, nawe usikie."