Karatasi ya Kobalti

Abiba, mwalimu wa kemia, aliingia darasani akakuta karatasi ya kobalti aliyoibandika dirishani imegeuka rangi ya waridi. Tangu ukame wa mwaka 1984 uanze, ilikuwa ya buluu tu, maana haibadiliki mpaka hewa ishike unyevu.

“Nani amepulizia hii karatasi?”

“Si sisi, mwalimu!”

Aliigusa. Ilikuwa laini kama jani bichi.

Nje, baba yake alikuwa amepita kumuaga, ngamia wakiwa wamebeba mizigo ya kuhamia mbali. Abiba akatoka mbio, chaki mkononi.

“Abba, usiende! Mvua iko karibu.”

“Nani amekwambia?”

“Karatasi.”

Mzee alicheka mpaka kilemba kikamwanguka. Alipoinama kukiokota, upepo wenye harufu ya mvua ukampiga usoni. Kisha akamshika ngamia wa mbele, akaanza kufungua kamba za mizigo.