Likizo ya Marehemu

Sheria ya kazi inamruhusu marehemu kurudi nyumbani kumalizia likizo ambayo hakuichukua akiwa hai. Mume wangu Mhina, fundi mitambo wa kiwanda cha saruji, alirudi na siku kumi na tisa.

Siku ya tatu tulikaa jikoni tukimenya mihogo. Nilikuwa nimesahau kwamba hupiga mluzi akimenya. Nikamwacha amenye yote.

Simu ikaita. Mwajiri naye ana haki yake: kukiwa na dharura, anaweza kumrudisha mtu kazini.

“Baba Zaina, waambie uko likizo,” nikamsihi.

Alikuwa ameshavaa kofia yake ya kazi.

“Mtambo umegoma, Mama Zaina. Sitachelewa.”

Ndivyo alivyoniambia asubuhi ile aliyofariki.