Fataki za Ofisini

Bwana mkubwa wa idara ya wanyamapori alitua boksi la fataki, vile vifuniko vidogo vya kuwashia baruti ndani ya risasi, mbele ya Mzee Shekiondo, fundi wa kujaza risasi za walinzi wa mashamba. Mzee akaigeuza moja kiganjani.

"Dhaifu zilezile. Baruti hii ya vipunje vya mviringo ni kaidi, bwana. Haiwaki vizuri bila fataki kali."

"Kali ni ghali. Mbona wengine hawalalamiki?"

"Wa kulalamika nilimzika Jumanne. Risasi ya mlinzi ilikataa kulipuka, nyati akamfikia mke wangu."

"Pole, mzee. Wewe jaza tu."

Mzee akajaza risasi moja, akaitia kwenye bunduki, akamnyooshea bwana mkubwa, kitako mbele.

"Nyati bado yumo kwenye mtama. Tangulia wewe."

Bwana mkubwa hakuipokea. Bunduki ikaanza kumlemea mzee, lakini hakuishusha.