Kambare Aliyenasa

Mkunga mstaafu alifunga pazia na kuzima taa ya tangi, lakini kambare wake hakutoka kula. Alikuwa amenasa kwenye shingo ya kijungu alichowekewa ajifiche mchana.

Alikitoa kijungu akakiweka kwenye beseni la maji. Hakumvuta. Mikono yake ilikuwa imepokea watoto wa mtaa mzima. Alijua kwamba akivuta, miiba ya mapezi itazidi kukwama. Sharubu zilimpapasa kidole, polepole.

Mwanawe ndiye aliyemnunulia tangi, asikae mpweke. Dukani alimwonyesha samaki wa rangirangi, mama akamtaka huyu mwenye haya, asiyependa kutazamwa.

Nje, fundi baiskeli wa chumba cha pili alikuwa akipita.

“Fundi,” mama aliita akiwa nyuma ya mlango, “niazime nyundo. Nataka kuvunja kijungu, samaki wangu amenasa.”

“Ipo, Mama. Fungua nikupe.”

Angeweza kusema ufunguo hauonekani. Ndivyo alivyowajibu wageni tangu alipoteleza bafuni.

“Siwezi. Kijana wangu huweka kufuli kwa nje akienda kazini.”

Fundi alisogea karibu na mlango.

“Kila siku?”

“Kila siku. Anasema ni kwa usalama wangu.”

Fundi alikwenda chumbani kwake, akarudi na nyundo. Kufuli liligonga mbao alipolishika.

“Mama, atanikasirikia.”

Ndani ya beseni mkia ulipiga maji mara moja, ukatulia.

“Atanikasirikia mimi,” alisema. “Piga.”