Simu Zilizobaki Mezani

Wachimbaji wa Musonoi huniachia simu zao nizichaji kabla ya kushuka shimoni. Leo shimo liliporomoka na hakuna aliyetoka. Picha zikasambaa upesi WhatsApp, kisha simu zikaanza kuita mezani kwangu.

“Usishike, we mutoto,” jirani yangu muuza mikate alinionya. “Utaambia bamama yabo nini?”

Mimi ndiye niliyezoea kumwambia kwamba simu imeondoa umbali.

Simu ya Sadrack, mchimbaji aliyetoka mji wa mbali wa Sandoa, ilikuwa na joto la chaji, kama mkono wa mtu. Kwenye kioo paliandikwa: Mama, Sandoa. Ikakata, ikaita tena. Nikapokea.

Upande wa pili mwanamke akapiga vigelegele. “Batoto, mukuye hapa! Sadrack ameshika simu! Eko muzima!”