Lebo ya Mwaitu

"Nafasi imeisha," kompyuta ikaandika, na Nduku akashusha pumzi.

Hiyo ndiyo kazi yake, hapo mezani kwake Kibwezi: kupima diski, kuijaza mpaka isibaki nafasi ya herufi moja, kisha kujaribu kubadilisha lebo ya faili. Diski nzuri hukataa lebo mpya bila kupoteza ile ya zamani. Miaka mitatu amejaribia picha ya mama yake, mwaitu kwa Kikamba, akipepeta ndengu kijijini Nuu, na lebo haijawahi kubadilika: "Mwaitu, ako Nuu."

Leo neno alilojaribu kuandika ni "Marehemu".

"Umebadilisha?" ndugu yake mkubwa akauliza kwenye simu. Alikuwa kwa wachapishaji, akingoja picha ya kijitabu cha mazishi na maneno ya kuweka chini yake.

"Imekataa. Imejaa."

Katikati ya vitufe viwili kulikuwa na punje ya ndengu, imekwama tangu Krismasi, Mwaitu alipochambua ndengu hapo mezani akimwangalia Nduku akifanya kazi. Nduku akaigusa kwa ukucha. Ikacheza. Akauondoa ukucha haraka.

Akafungua lebo. "Mwaitu, ako Nuu." Kwenye ripoti akaandika: imepita.

"Si ufute kitu kimoja tu, Nduku? Watu wanangoja."

Diski nzima ilikuwa takataka, maelfu ya mafaili yasiyo na maana, aliyoyatengeneza mwenyewe asubuhi hiyo ili ijae.

"Hakuna cha kufuta," akasema.