Shahidi wa Micah

Mara tatu daktari aliuliza jina la yule koplo, na mara tatu Micah akajibu kwamba amelisahau.

Jelagat, mkewe, aliyekaa kwenye benchi nyuma yake, alijua huo ni uongo. Mtu huyu alikuwa bado anaikumbuka namba ya bunduki aliyopewa mwaka wa arobaini na tatu. Aliwakumbuka nyumbu waliobeba risasi kule Burma, majina yao, na yupi kati yao alikuwa akiuma. Leo, jina moja tu lingewaokoa, na leo ndiyo siku aliyochagua kusahau.

Walikuwa wametoka Njoro alfajiri, wamejibana kati ya mikebe ya maziwa nyuma ya lori, ili wawahi bodi ya askari wa zamani mjini Nakuru. Ulikuwa mwaka wa 1951. Bwana Miwani, mzungu mwenye shamba, alikwisha sema neno lake la mwisho: asiyefanya kazi hakai kwake. Bodi ikiandika kwamba Micah aliugulia vitani, angewaachia kibanda chao na ng'ombe wao wawili, kwa kuwa serikali yenyewe ingekuwa imemwita mgonjwa, si mvivu. Isipoandika, wahame kabla ya mavuno ya ngano. Wahamie wapi, hakusema.

Na ugonjwa wenyewe haukuwa na kidonda. Micah alikuwa akishika kikombe cha chai mpaka kikapoa mkononi, na jua likapita juu ya nyumba bado amekishika. Alikuwa akianza kukamua, akaacha katikati, akalia bila sauti huku paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Mwaka uliopita Jelagat alimkuta kwenye ghala la nyasi, na kamba mkononi. Hakumwambia mtu. Kamba aliichoma.

Asubuhi hiyo, barazani, mkalimani wa bodi aliwapokea vizuri kuliko walivyotazamia. Aliitwa Makokha, mtu wa koti na tai, nywele zimeanza mvi. Aliwaletea chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Usiogope, mama," alimwambia Jelagat. "Mwache mzee aseme yote. Mimi nitayapeleka kwa Kiingereza vile yalivyo."

Micah alimtazama kwa muda. "Na wewe ulikuwa vitani?"

"Mimi? Vita vyangu vilikuwa vya unga na sukari, stoo ya Gilgil. Adui yangu alikuwa panya."

Jelagat akacheka, naye hakuwa amecheka wiki nzima. Micah alikunywa chai yake.

Mbele ya bodi alisema yote. Walikuwa askari tisa, waliookotwa kutoka kampuni mbalimbali, wakakwama ukingoni mwa mto uliofurika. Watano walikuwa wamejeruhiwa. Mashua ilikuwa moja, ndogo. Koplo wao aliwaambia wangoje, akaingia mashuani kwenda kuleta msaada ng'ambo. Hakurudi. Micah alilala siku tatu katikati ya wenzake, akiwasikia wakinyamaza mmoja mmoja.

Makokha alitafsiri sentensi kwa sentensi, sauti yake chini. Katikati aliomba maji.

"Vumbi la Nakuru," alisema, akanywa, akaendelea.

Daktari alishauriana na meja aliyekaa kando yake. Kisha Makokha akageuka.

"Daktari anakuamini. Lakini orodha ya siku ile haipo, na wote uliowataja wamekufa; labda amebaki huyo koplo. Akipatikana, aweke sahihi tu kwamba mliachwa pale, na mambo yamekwisha. Meja anasema hakuna atakayemshtaki. Wanataka shahidi."

Ndipo lilipoulizwa jina, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Jelagat akasimama bila kuitwa.

"Baba Chemutai, unamwita hata usingizini. Koplo, koplo, mpaka watoto wanaamka. Sema ni nani."

"Kaa chini, mama Chemutai."

"Watoto wako watalala wapi? Sema."

Micah hakugeuka. Alikuwa amemkazia macho mkalimani, kama mtu anayesubiri atafsiriwe. Mwishowe meja akafunga faili.

Nje barazani, Jelagat hakujali nani anamsikia.

"Mwanamume aliyekuacha ufe, huyo unamfichia jina. Sisi tuliokuokota, unatutupa barabarani."

Miaka yote ya ugonjwa, ya kumlisha na kumvua viatu, Jelagat hakuwahi kumchukia hata siku moja. Sasa alisogea mpaka mwisho wa benchi, bega lake lisigusane na la mumewe.

Makokha akatoka na karatasi ya uamuzi na kidau cha wino. Alisema amesikitika sana. Alisema kwamba lau yeye angekuwa na uwezo wowote katika jambo hili, mzee asingerudi Njoro mikono mitupu. Akamwonyesha mahali pa kuweka kidole.

Micah aliweka dole gumba, akalifuta taratibu kwenye suruali. Kisha akasimama wima, visigino pamoja, mikono ubavuni, namna ambayo Jelagat hakuwa amemwona akisimama tangu arudi kutoka vitani.

"Nilikuwa nangoja uliseme jina lako mwenyewe, koplo," alisema.